Mvuvi anashika hela kila asubuhi, mwalimu mara moja kwa mwezi. Mbona mwenye nyumba ni mwalimu?

#1 Furu_wa_Mwisho
Wakuu, habari za humu.

Nina duka Kirumba hapa Mwanza, karibu na mwaloni, pale mitumbwi ya Ziwa Victoria inaposhusha samaki, na kuna jambo linanitatiza. Kijana wa mtumbwi akishuka asubuhi na mzigo mzuri anaondoka na bunda ambalo mwalimu wa shule ya msingi analiota tu katikati ya mwezi. Simsemi tajiri mwenye injini na nyavu, namsema kijana mwenyewe anayevuta kamba. Saa mbili asubuhi anahesabu hela. Saa tisa mchana yuko dirishani kwangu anakopa sigara na vocha.

Sasa panda Buswelu, Nyasaka, Kisesa huko, uliza nyumba za kupangisha ni za nani. Mwalimu, nesi, karani wa halmashauri, mwalimu tena. Wale wale tunaowacheka kwamba mshahara wao unaisha tarehe tano.

Msiniambie "starehe" halafu mkakimbia. Walevi wako kila kazi, na walimu wa mji huu nawajua, wengine wananidai chenji. Nataka sababu.

#2 Ngosha_Mtata
Starehe.

#3 Dagaa_Mkavu
Nimekaa siti ya mbele. Waje wenye mitumbwi.

#4 Mwalimu wa Zamu
Mleta uzi umenigusa. Ni mwalimu na nina nyumba Kisesa, lakini usiihesabu kama akili zangu. Mtumishi akikopa, benki inakatiwa juu kwa juu kabla mshahara haujamfikia. Huruma tuliyoachiwa ni moja tu: makato yasimwache mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Kwa hiyo tuko watu tunaishi kwa theluthi miaka na miaka, na ndani ya miaka hiyo nyumba inasimama. Ningekuwa napewa hela yangu yote mkononi kila asubuhi, leo ningekuwa dirishani kwako napanga foleni na huyo kijana.

Mvuvi hana wa kumkata. Tofauti ni hiyo tu, msitafute mbali.

#5 Ngosha_Mtata
Mwalimu anaishukuru benki kwa kumkata. Kiyama kimekaribia.

#6 Karani wa Kambi
Wengi humu mnazungumzia mwalo mkiwa mmesimama barabarani. Nimekuwa karani wa kambi ya dagaa visiwani upande wa Buchosa, madaftari nimeyaandika kwa mkono huu. Bunda mnaloliona si la kijana.

Tuseme usiku mmoja mtumbwi umeuza laki sita. Kwanza yanatoka mafuta, taa, chakula, ushuru, tuseme laki mbili. Zinabaki laki nne. Tajiri anachukua nusu kwa sababu mtumbwi wake, nyavu zake, injini yake, na injini ikizama hasara yake. Laki mbili iliyobaki wanagawana vijana wanne. Hamsini hamsini. Na hiyo ni siku samaki wamekubali. Bado hajamlipa mama ntilie wa kambi, bado hajalipa sweta alilochukua kwa mali kauli, bado hajarudisha ile aliyotuma nyumbani wakati wa mwezi.

Na huo mwezi ndio mnaousahau. Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikijaa taa yako haina maana, dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inalala. Watu wanakula kwa daftari, na daftari la kisiwani lina bei zake. Giza likirudi kijana anaanza kwa kuvua deni. Tajiri hana haja ya kumfunga mtu kamba, anafungua ukurasa tu.

Kwa hiyo swali la #1 limekosewa hesabu. Unalinganisha mauzo ya mmoja na mshahara wa mwingine.

#7 Binti_Nansio
Karani umeeleza vizuri, ila sangara hawategemei giza. Kaka zangu wawili wanavua sangara kwa migonzo, zile kamba ndefu za ndoana, mwezi uwake usiwake wanaingia ziwani, na stori ni ile ile. Hela ipo Jumatatu, Alhamisi wananipigia.

#8 Karani wa Kambi
Dada, migonzo inataka chambo kila siku, na nyavu na injini zinaibiwa huko huko majini. Deni haliangalii aina ya samaki.

#9 Binti_Nansio
Sawa, lakini mtumbwi ni wa kwao wenyewe. Tajiri hayupo kwenye hiyo hadithi. Sasa nani kawanyonya?

#10 Ngosha_Mtata
Narudia jibu langu la #2.

#11 Mchumi wa Malimbe
Wakuu, ngoja niingize kitu ambacho si cha kijiweni.

Busia upande wa Kenya, ziwa hili hili, wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwafungulia akaunti za benki wanawake wauza sokoni na vijana wa bodaboda za baiskeli. Akaunti zenyewe mbovu: riba hakuna, na ukitoa hela unakatwa ada. Kwa hesabu za kawaida hapo hawekezi mtu. Wanawake wengi wa sokoni wakaweka, na mitaji yao ikakua. Maana yake walikuwa tayari kulipa ili hela yao iwe mbali na mikono yao. Kwa vijana wa baiskeli halikuonekana badiliko la maana. Matokeo yalichapishwa 2013.

Busia hiyo hiyo Robinson, safari hii na Esther Duflo na Michael Kremer, walikuta mkulima akiuziwa vocha ya mbolea mara tu baada ya mavuno, na kuletewa mbolea bure, ananunua. Ukimsubiri mpaka wakati wa kuitumia, hela imeshapeperuka na hana hata la kuonyesha. Duflo na Kremer ndio waliopata Nobel ya uchumi 2019 pamoja na Abhijit Banerjee.

Kwa hiyo #4 ana hoja kuliko anavyojua. Mwenye akiba ni yule aliyefungiwa hela kabla hajaishika. Mwalimu kafungiwa na benki, mama wa sokoni kajifungia mwenyewe, mvuvi hajafungiwa na mtu.

#12 Dagaa_Mkavu
Yaani watu wamepata Nobel kwa kugundua kibubu.

#13 Mama Kauzu
Hata kibubu chenyewe kina siri. Cha fundi seremala kinagongwa misumari pande zote, ukitaka hela ukivunje, na ukikivunja mtaa mzima unasikia. Mume wangu alinunua cha bati chenye kufuli, funguo akakaa nazo yeye. Kilikuwa pambo.

Sisi tunaoanika dagaa tuna mchezo. Kila siku ya kuuza kila mtu anatoa kiasi kile kile, mmoja anaondoka na zote. Ukikosa zamu yako ya kutoa, wenzako hawakupeleki polisi, wanakaa kwako. Wanakaa tu, wanaomba maji ya kunywa, wanasifia mapazia. Hakuna aliyewahi kumaliza siku ya pili. Mwanaume mmoja aliomba kujiunga, tukampa zamu ya mwisho mpaka tumjue.

#14 Furu_wa_Mwisho
Mama Kauzu, alifika hiyo zamu?

#15 Mama Kauzu
Yupo. Siku hizi ndiye mkali kuliko wote.

#16 Mzee wa Magu
Marahaba nyote msioniamkia.

Mnazungumza kama hela ya msimu imeanza na simu. Sisi tulikuwa na pamba. Baba zetu waliuza kwa chama cha ushirika, na ule Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria, alioujenga Paul Bomani kuanzia miaka ya hamsini, haukuwa mchezo. Bomani akaondoka hapo akaenda kuwa waziri wa kwanza wa fedha wa nchi hii. Hela ya pamba ilikuwa inakuja mara moja kwa mwaka, yote, mkononi, noti zinanukia.

Basi kulikuwa na watu wa aina mbili. Kuna mzee wa kijiji chetu alishuka Mwanza akarudi na redio mbili, moja ya kusikiliza na nyingine ya wageni kuiona. Baba yangu yeye hela aliigeuza ng'ombe kabla jua halijazama. Nikamuuliza nikiwa mdogo, kwa nini usiiweke tu sandukuni? Akaniambia ng'ombe hana chenji. Mjomba akija kuomba shilingi ishirini na noti ziko sandukuni, utampa. Akija na wewe una ng'ombe, utamkatia sikio?

Mnaowacheka Wasukuma kwa kurundika ng'ombe, hamkuwahi kuwa na wajomba.

#17 Kadenge
Shikamoo mzee. Marekebisho kidogo: waziri wa kwanza wa fedha wa Tanganyika alikuwa Ernest Vasey, Mwingereza. Bomani aliingia 1962, ndiye Mwafrika wa kwanza. Na vyama vya ushirika vilivunjwa 1976, kwa hiyo hata aliyetaka kubaki na chama chake hakuachiwa.

#18 Mzee wa Magu
Marahaba kijana. Huyo Vasey hakuwahi kununua pamba yangu.

#19 Ngosha_Mtata
Mzee wa redio mbili ni babu yangu, nadhani.

#20 Mchumi wa Malimbe
Mzee wa Magu asante. Huyo wa redio mbili ana mtaalamu wake, Thorstein Veblen, Mmarekani wa asili ya Norway, aliyeandika mwaka 1899 kwamba matajiri hutumia hela ili waonekane wakitumia. Alikuwa anawasema mabwanyenye wa Marekani, ila angefika Kirumba angekuta vijana wameshafaulu somo.

#21 Juu ya Mawe
Mimi nakaa Mabatini juu kabisa, mawe matupu, nina maoni tofauti na yote ya hapo juu.

Mnasema "nidhamu", "kibubu", "kufungiwa". Mnasahau watu. Mwalimu akipokea mshahara nani anajua? Simu inatoa mlio, kaiweka mfukoni, kaendelea kufundisha. Mvuvi anapokea hela yake mbele ya kijiji. Mtumbwi ukigusa mchanga, mizani inasoma kwa sauti, mnunuzi anahesabu kwa sauti, na kila aliyepo anajua fulani leo kapata ngapi. Kabla hajavaa viatu kuna shemeji ana mtoto anaumwa, kuna jirani ana msiba, kuna rafiki aliyemkopesha wakati wa mwezi.

Hela inayoonekana ni kama hilo ziwa lenyewe. Si ya mtu, ni ya anayewahi kutupa wavu. Kwenye ziwa mvuvi anajua kabisa samaki mdogo akiachwa atakuwa mkubwa, lakini asipomvua yeye leo, atavuliwa na wa mtumbwi wa pembeni kesho. Sasa na mfukoni mwake ni hivyo hivyo. Asipoila yeye leo, kesho itakuwa imevuliwa na shemeji. Kwa hiyo anaila. Huo si ujinga, amepiga hesabu na hesabu imetoka.

#22 Dagaa_Mkavu
#21 umemaliza, uzi ufungwe.

#23 Kadenge
Usifungwe. Hiyo hoja ya ziwa lisilo na mwenyewe ni ya Garrett Hardin, 1968, na ilishajibiwa. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, 2009, alizunguka kwenye misitu, mifereji na maeneo ya uvuvi akakuta watu wengi tu wanaweka sheria zao wenyewe na zinashika. Mama Kauzu pale #13 ana mfumo kamili wa Ostrom, mpaka adhabu ya kusifia mapazia. Kwa hiyo swali linabaki: mbona wavuvi hawajaunda wa kwao?

#24 Karani wa Kambi
Kwa sababu kambi inahama. Giza hili tuko kisiwa hiki, lijalo kwingine, dagaa wakihama na watu wanahama. Utaenda kukaa kwa nani umsifie mapazia, kwenye hema la turubai?

#25 Mwalimu wa Zamu
Karani hapo nimekukubali.

#26 Juu ya Mawe
Na nyongeza. Dawa ya wajomba wa mjini ni tofali. Mtaani kwetu kila mwenye kahela kake ana rundo la tofali au pagale lisilo na bati. Mgeni anadhani tumeshindwa kumalizia. Tofali halikopesheki, mjomba hawezi kuja kuomba sita za nauli.

#27 Ngosha_Mtata
Lakini yanaibiwa. Za kwangu Igoma zilijengewa choo cha jirani na nikaalikwa kukizindua.

#28 Kirumba Original
Tukiwa hapo hapo kwenye mawe, nani anaweza kunieleza Mwanza ilipindukaje? Miji mingine tajiri anapanda kilimani apate upepo na mandhari, maskini anabaki bondeni na mafuriko. Sisi tajiri yuko Capri Point anagusa maji, na mwenye kuona ziwa lote mpaka jua linapozama ni mpangaji wa chumba kimoja Igogo na Mabatini. Mandhari ya mabilioni, kodi ya elfu thelathini.

#29 Juu ya Mawe
Mandhari ni bure kwa sababu ndoo ya maji inapanda kwa miguu. Njoo ubebe mbili, utarudi Capri Point mwenyewe.

#30 Mchumi wa Malimbe
Hapo Adam Smith alishapita, 1776. Aliuliza mbona maji yenye faida kuliko vyote ni rahisi, na almasi isiyo na kazi ni ghali. Na Mwanza tuna mfano mzuri kuliko almasi: bondo. Sangara anavuliwa, minofu inakwenda Ulaya, mapanki, yaani vichwa na mifupa, yanabaki yanakaangwa kwetu, na kile kifuko cha hewa tumboni ambacho wazee wanasema walikuwa wanawatupia paka, leo kilo yake inaiacha minofu mbali sana kwa bei, kwa sababu Wachina wanakitaka. Samaki hakubadilika. Mbali huko mtu kapenda kitu, na paka wa Kirumba wamefilisika.

#31 Dagaa_Mkavu
Ndiyo maana wanatuangalia vile.

#32 Furu_wa_Mwisho
Mnahama mada ila mabondo yananirudisha. Mabondo ndiyo yanayonichanganya zaidi. Kijana akipata sangara wakubwa wenye mabondo mazuri hiyo ni hela ya kiwanja kwa mpigo. Sangara ni samaki wetu tangu mababu, utajiri upo ziwani, na bado hakuna kiwanja.

#33 Kadenge
Sangara si wa mababu. Aliletwa ziwani miaka ya 1950 wakati wa Waingereza, na alipolipuka miaka ya themanini akawafuta furu, wale samaki wadogo wa asili, aina mamia. Na wewe unajiita Furu wa Mwisho, mkuu, aliyekula ukoo wako humjui?

#34 Ngosha_Mtata
Furu kaumbuka kwenye uzi wake.

#35 Kadenge
Na kwa kuwa tuko kwenye historia: hela ya sangara inaweza kukauka bila kosa la mvuvi. 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili kwa sababu ya habari za kuvuliwa kwa sumu. Mtu aliyekuwa ameanza msingi wa nyumba kwa hesabu za sangara msingi ukaota majani. Mwalimu mshahara wake hauzuiwi na mtu wa Brussels.

#36 Mwalimu wa Zamu
Unazuiwa na watu wa karibu zaidi.

#37 Nahodha Ukara
Nimeona uzi leo, nilikuwa majini, mtandao huko ni wa kuotea. Mmenijadili mpaka mmenipa Nobel. Niwajibu kama mvuvi maana naona humu niko peke yangu, labda na Karani ambaye alikuwa anakaa kwenye kivuli.

Moja, mnapima utajiri kwa nyumba za Buswelu. Mimi Buswelu nina nini? Kwetu Ukara nina nyumba ya bati, mama yangu yumo. Mwenzangu wa mtumbwi kajenga kwao Bunda. Mwingine Sengerema. Mwalimu anajenga alipo kwa sababu kazi yake imesimama pale, mimi nikijenga Kirumba nitalala lini? Furu anahesabu nyumba anazoziona kutoka dirishani kwake.

Mbili, wanaokopa sigara ndio unaowajua. Asiyekopa haji dirishani. Una daftari la wenye njaa halafu unasema wavuvi wote wana njaa.

Tatu, hili hamtalipenda. Mwalimu akianza msingi anajua atafika miaka sitini, serikali yenyewe imemwambia tarehe. Mimi kuna rafiki niliokula nao ugali jioni na asubuhi tukawa tunawatafuta. Upepo wa ziwa hili hautoi taarifa. Ukiniambia niweke hela ya miaka kumi ijayo nitakuuliza umeongea na nani.

Na nne, mwezi ukijaa tunalala mchana na usiku, tunashona nyavu, tunapiga stori. Mwalimu wa Zamu ana wiki kama hiyo?

#38 Mwalimu wa Zamu
Sina mkuu. Mimi mwezi ukijaa nasahihisha.

#39 Mama Kauzu
Nahodha pole na kazi. Ila hiyo ya tatu siipokei yote. Anayejua anaweza asirudi ndiye angeacha kitu kwa watoto. Nimeanika dagaa na wajane wa namna hiyo. Walichokikuta nyumbani kilikuwa daftari.

#40 Nahodha Ukara
Mama, hapo umenipiga pabaya. Lakini angeiacha kwa nani, kwa wajomba wa #16?

#41 Binti_Nansio
Kwa mke. Mbona mke hajatajwa mpaka post ya arobaini?

#42 Dagaa_Mkavu
Ukimya wa wanaume humu ni mzito.

#43 Binti_Nansio
Nasubiri jibu.

#44 Ngosha_Mtata
Dada, mke akipewa hela yote wajomba wanabadilika tu, wanakuwa wa upande wa pili.

#45 Kirumba Original
Wakuu, hebu niwatoe kidogo kabla hamjaumizana. Nimepita Busisi juzi juu ya daraja. Kilomita tatu, dakika chache umevuka, limefunguliwa Juni 2025 na sote tulilishangilia. Lakini nikawakumbuka wale wa foleni ya feri. Wauza samaki wa kukaanga, mahindi, maji, karanga, wote walikuwa wanakula kwenye kuchelewa kwetu. Sisi tulikuwa tunaita adha, wao walikuwa wanaita soko. Sasa hivi gari halisimami, nani anunue hindi kwenye mwendo wa themanini?

#46 Mchumi wa Malimbe
Faida ya daraja inakwenda kwa watu wengi kidogo kidogo, hasara inamwangukia mtu mmoja mzima mzima. Ndiyo maana mwenye faida humsikii na mwenye hasara unamkumbuka.

#47 Karani wa Kambi
Watahamia stendi. Muuza mahindi hafi na kizuizi. Panapokuwa na watu wanaosubiri atakuwepo, na nchi hii haijaishiwa kusubiri.

#48 Kadenge
Nakazia #47. Nenda ofisi yoyote asubuhi uone karanga zilivyojipanga nje.

#49 Mwalimu wa Zamu
Na mimi niongeze fumbo langu kabla uzi haujazama. Shuleni kwetu mzazi ukimwomba mchango wa chakula cha watoto, kiasi kidogo tu, anakuja na barua ya mwenyekiti wa mtaa kwamba hali yake ni ngumu. Mzazi huyo huyo ni mweka hazina wa kamati ya harusi ya mtoto wa jirani, katoa kadi ya watu wawili laki moja, na amevaa sare ya kamati. Mchumi, Veblen anasemaje?

#50 Mchumi wa Malimbe
Veblen angesema anajionyesha. Mimi nasema anakata bima. Aliyeichangia harusi ya jirani ameandikwa kwenye daftari la mtaa, na siku msiba ukigonga kwake hilo daftari litafunguliwa. Chakula cha shule hakiandikwi popote. Hata mtoto mwenyewe hatakikumbuka.

#51 Juu ya Mawe
Si bima hiyo, ni woga. Usipochanga utazikwa na watu saba.

#52 Mzee wa Magu
Saba wanatosha kubeba. Wa nane anakuja kula.

#53 Nahodha Ukara
Mzee wa Magu shikamoo. Mimi harusi huwa nachanga samaki, hela sitoi. Kamati huwa wananuna mpaka siku ya siku.

#54 Dagaa_Mkavu
Wakuu, kwa kuwa mmeshafika kwenye michango na naona humu watu wote wana hekima za hela, mdogo wangu wa kike anaolewa baada ya mavuno. Mimi ni katibu wa kamati. Kadi ya mtu mmoja elfu hamsini, ya wawili laki. Nimekuwa siti ya mbele tangu #3 nikiwa nawaandika majina.

#55 Ngosha_Mtata
Hii ilikuwa kamati tangu mwanzo.

#56 Mama Kauzu
Hongera zake. Andika ya mtu mmoja, nitatoa siku ya zamu yangu ya mchezo.

#57 Mwalimu wa Zamu
Niandike ahadi. Ila ujue naishi kwa theluthi.

#58 Mchumi wa Malimbe
Mimi bado mwanafunzi.

#59 Dagaa_Mkavu
Mchumi, bima hukatwa mapema ukiwa kijana. Nimekuandika hamsini. Nahodha, sangara wangapi?

#60 Nahodha Ukara
Wanne wakubwa. Mabondo nabaki nayo.

#61 Furu_wa_Mwisho
Niandike ya wawili. Na wewe Dagaa Mkavu kabla ya harusi pita dukani, una sigara na vocha tangu mwezi uliopita.